Tundu la Hewa

Mama Sweta alikuwa na kauli yake moja juu ya mkwewe, na aliitoa kila alipopata msikilizaji: kwamba binti yake aliwapita wanaume wote wenye damu ya moto akaenda kuolewa na jokofu. Kauli hiyo ilikuwa na ukweli wake. Mkwe alikuwa fundi wa vyumba vya baridi, vile vyumba vikubwa vya kuhifadhia nyama, maua na dawa za chanjo, na kazini walimwita Fundi Barafu. Lakini Mama Sweta hakuwa akisema juu ya kazi. Alikuwa akisema juu ya mtu mwenyewe, mwanamume asiyejua kupiga soga, ambaye ukimpa habari njema anaitikia "sawa" na ukimpa mbaya anaitikia "sawa" ile ile. Mama Sweta mwenyewe alifuma masweta ya wanafunzi kwa mashine ya mkono, na mdomo wake ulikwenda mbio kuliko mashine. Hakuona binti yake angepata wapi joto la kuishi na mtu wa namna hiyo.

Basi binti alipojifungua kabla ya wakati, katikati ya msimu wa baridi, Mama Sweta hakungoja kuitwa. Siku aliposikia mtoto ameruhusiwa kutoka hospitali aliifunika mashine yake, akajaza sufu na sindano za kufumia kwenye mfuko, akashika njia. Kichwani alikuwa ameshapanga kila kitu. Angefika, angekuta nyumba iko shaghalabaghala, mtoto anatetemeka, mkwe amekaa kochini anasema sawa, na yeye angekunja mikono ya gauni na kuokoa jahazi.

Alichokikuta kilimwacha mlangoni ameshika mfuko wake. Chumba kidogo cha nyuma, kilichokuwa stoo ya makopo ya rangi na baiskeli mbovu, kilikuwa kimesafishwa na kupakwa chokaa, na katikati yake alisimama mkwe akiwa ameshika kijiti chenye uzi mwembamba uliofungwa nchani. Alikuwa akikipitisha kijiti kile taratibu kwenye kingo za dirisha, uso umekazwa, pumzi ameibana.

Mama Sweta akamnong'oneza binti yake, "Anavua nini humo ndani?"

"Anavua upepo, mama."

Ilikuwa kweli. Palipokuwa na ufa usioonekana kwa macho, uzi ulicheza, na pale mkwe alipiga alama ya chaki. Akimaliza ukuta mmoja alirudi kwenye alama zake na kuziziba moja moja, kwa ule mpira laini unaofungwa kwenye milango ya vyumba vya baridi, kisha alipitisha uzi tena. Ukicheza, alibandua na kuanza upya. Mama Sweta alijua kazi ya mikono akiiona. Alisimama pale mpaka miguu ikamuuma.

Mtoto alikuwa wa kike, na alikuwa mdogo kiasi kwamba Mama Sweta alipompokea aliogopa kupumua. Baba yake alimwita Punje, na jina likamkaa. Nesi mkuu wa wodi ya watoto njiti, mama wa makamo mwenye miwani na asiye na simile, alikuwa amemtoa kwa masharti. Mtoto huyu, aliwaambia, hana mafuta ya kumkinga. Akipigwa na baridi, maziwa yote anayonyonya yataishia kuupasha mwili wake moto na hakutabaki kitu cha kumkuza. Akizidishiwa joto nako ni hatari, kwa kuwa hawezi kujifunua. Wiki inayofuata wamrudishe apimwe uzito. Akiwa ameongezeka, atakaa nyumbani. Akiwa amepungua, anarudi wodini, na mama yake atarudi kumtazama kupitia kioo. Binti aliyasimulia hayo huku akijikaza asilie, maana kioo kile alikuwa amekiegemea siku nyingi na hakutaka kukiona tena.

Kwa hiyo nyumba nzima ikawa inaishi kwa ajili ya chumba kimoja. Mama Sweta, aliyekuja kufundisha, akajikuta anatazama. Mkwe hakukiweka kitanda cha mtoto karibu na dirisha wala hakukiegemeza kwenye ukuta wa nje, kwa sababu ukuta wa nje, hata ukiwa mkavu, unanyonya joto la mtu. Kipimajoto hakukitundika juu kama pambo. Alikifunga kwa kamba kwenye mguu wa kitanda, usawa wa godoro, kwa maelezo kwamba joto hupanda darini na Punje halali darini. Hita ya umeme aliiweka pembeni, mbali na pazia na mbali na kitu chochote cha kushika moto. Jioni alitia maji ya moto kwenye chupa ya mpira, akaiviringisha taulo, akaitandika kitandani mpaka shuka likapata uvuguvugu, kisha akaitoa kabla ya mtoto kulazwa, akapapasa godoro lote kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono wake asije akaacha mahali penye moto. Na mtoto hakufunikwa na lile blanketi zito ambalo Mama Sweta alianza kulifuma tangu siku ya kwanza. Alivalishwa nguo nyepesi juu ya nyingine, na mtu akitaka kujua kama anasikia baridi alimgusa nyuma ya shingo, si vidole, kwa kuwa vidole vya mtoto ni vya baridi siku zote na havisemi kweli.

Mambo haya yote Mama Sweta aliyapata kupitia kwa binti yake. Mkwe alikuwa na heshima ya kupitiliza. Alimwamkia mama mkwe asubuhi na jioni macho yakiwa sakafuni, na akiwa na neno la kumwambia alimwambia mkewe, hata wakiwa wote watatu kwenye chumba kimoja. "Mwambie mama chai iko tayari." Naye Mama Sweta, aliyekuwa na mdomo kwa watu wote wa dunia hii, mbele ya mkwe aliona haya, akajibu kwa njia ile ile: "Mwambie nashukuru." Binti alikaa katikati yao na titi mdomoni mwa mtoto na kusema amegeuka kuwa posta.

Jioni moja Mama Sweta alipita kwenye kijia cha vyumbani akasikia mtu anaongea chumbani mwa Punje. Alichungulia kwenye upenyo wa mlango. Mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti, shati wazi, mtoto amelala kifuani pake na nepi na kofia tu, shuka limewafunika wote wawili. Nesi ndiye aliyewafundisha kumbeba hivyo, ngozi kwa ngozi, kwamba joto la mtu mzima ndilo linalomfaa mtoto kuliko joto lolote la kuwashwa. Na mkwe, yule wa "sawa", alikuwa akimsimulia mwanawe mambo ya kazini. Kompresa ya jokofu la bucha imegoma tena. Yule mwenye bucha anatia chumvi, anasema nyama imeoza yote, kumbe ni kipande kimoja. Kesho baba atapanda paa kukagua feni. Aliongea kwa sauti ya chini bila kukoma, na Punje alisinzia mdomo wazi.

Mama Sweta alirudi chumbani kwake akaketi. Alimpenda kijana yule jioni ile, na ilimuuma kwamba alikuwa amechelewa, na kwamba alikuwa amemsema vibaya kwa watu wengi. Alijiapiza kumsaidia kwa kila namna ila moja. Kumbeba Punje kifuani hakuweza. Kuvua nguo ya juu ndani ya nyumba ya mkwe, hata mlango ukiwa umefungwa, aliona ni kuvunja heshima, na kumwambia mtu kwamba anaona haya alishindwa pia. Aliwaachia wenyewe.

Sasa, chumbani mwa Punje palikuwa na tundu. Lilikuwa juu ukutani, mkabala na dirisha, ukubwa wa ngumi, na lilikuwa na wavu wa kuzuia wadudu. Mama Sweta aliliona siku ya pili akashangaa. Mwanamume aliyeziba nyufa zisizoonekana ameacha shimo linaloonekana na kila mtu. Alifikiri sana, akaona jibu ni moja tu: amesahau, kwa uchovu. Na kwa kuwa mtu aliyejitahidi kiasi kile haaibishwi mbele ya mkewe, hakusema. Alichukua sufu, akafuma kidonge kinene, akapanda kwenye kigoda akalijaza tundu. Alishuka ameridhika.

Asubuhi iliyofuata kidonge kilikuwa kwenye kizingiti cha dirisha. Kimeanguka, aliwaza, akakirudisha na kukisukuma zaidi. Siku iliyofuata kilikuwa juu ya mfuko wake wa sufu, kimewekwa vizuri. Hapo alimshuku binti yake, ambaye tangu utotoni alipenda kupanga vitu, akafuma kingine kinene kuliko cha kwanza. Ndivyo ilivyokwenda. Mkono mmoja uliziba, mwingine ulizibua, na wenye mikono hiyo walisalimiana mlangoni kwa adabu zote.

Siku ya baridi kali ilikuja katika wiki hiyo hiyo. Ilikuwa ile baridi ya mvua nyembamba isiyokatika, inayoingia mpaka kwenye mifupa. Mkwe alikwenda kazini, na binti, baada ya kumnyonyesha Punje mpaka akalala, alikwenda kituo cha afya kuangaliwa mshono wa upasuaji wa uzazi. Hakuwa amefika mbali umeme ukakatika.

Mama Sweta alikaa akitazama kipimajoto kwenye mguu wa kitanda. Ule mstari mwekundu ulianza kushuka. Alimgusa Punje nyuma ya shingo, akasubiri, akamgusa tena, na mara hii aliisikia imepoa. Hesabu ya maziwa na uzito aliikumbuka, kioo cha wodini alikikumbuka, na uso wa binti yake akijikaza asilie. Alitazama kifua chake mwenyewe, akatazama mlango, ambao mkwe angeweza kuufungua wakati wowote. Akainuka kwenda jikoni.

Hakuwa mjinga wala mzembe, na hilo lazima lisemwe. Jiko la mkaa aliliwasha nje, barazani, akalipepea mpaka moshi wote ukaisha na mkaa ukawa mwekundu pyu. Watoto wake wote aliwalea na jiko la namna hiyo, katika nyumba ya mabati na mbao ambayo upepo uliingia na kutoka utakavyo, na kwa uzoefu wake kisichotoa moshi hakidhuru. Aliliingiza chumbani, akaliweka mbali na kitanda, juu ya bamba la chuma, pasipoweza kurukia cheche. Akafunga mlango. Akaziba uwazi wa chini ya mlango kwa kitambaa. Akapanda kwenye kigoda akahakikisha kidonge cha sufu kimekaa barabara kwenye tundu, kisha akaketi na kufuma.

Chumba kilipata joto zuri. Mstari ukapanda, akauona, akafurahi, akajisemea kwamba jioni binti atakapomwambia mkwe, mkwe atasema "sawa", na safari hii hiyo "sawa" itakuwa tamu. Akaendelea kufuma. Baada ya muda aliona amekosea mishono. Akafumua, akarudia, akakosea tena, yeye ambaye hufuma gizani bila kukosea. Kichwa kilikuwa kizito na kikianza kumgonga. Aliwaza ni uzee, na usiku wa kuamka amka, akaegemeza shingo kwenye kiti apumzike kidogo tu.

Baridi ndiyo iliyomzindua. Mlango ulikuwa wazi na upepo unaingia, na Mama Sweta alitaka kumfokea huyo aliyeuacha wazi, lakini ulimi haukunyanyuka. Alimwona mkwe amemnyakua Punje kitandani na kutoweka. Akaona hasira kwamba mtoto anatolewa kwenye mvua. Kisha mkwe akarudi. Alikuwa amemtia mtoto ndani ya shati lake, na kwa mkono uliobaki alimshika mama mkwe chini ya kwapa, akamnyanyua kitini, akamburuta kijiani, akampitisha jikoni, akamtoa mpaka uani. Mkwe aliyekuwa hathubutu kumtazama usoni alikuwa amemkumbatia kiunoni, na hakumwachia mpaka alipomkalisha kwenye ngazi, chini ya paa la kibaraza, mahali penye hewa.

Mama Sweta alitapika. Alipoinua kichwa alimwona mkwe amechuchumaa, shati wazi, akizisugua nyayo za mtoto kwa kidole gumba na kumwita, "Punje. Punje wa baba. Mwambie bibi kompresa imepona. Punje." Alirudia hivyo hivyo, sauti ikiwa ile ile ya jioni. Na Punje akalia. Kilikuwa kilio kidogo cha kukwaruza, na mkwe akamfunika kwa shati, akakimbia kumwita jirani.

Jirani mwenye pikapu aliwapeleka hospitali. Mtoto alipelekwa wodini kwake kule kule, bibi akalazwa chumba cha pembeni, na wote wawili wakawekewa hewa ya mtungi. Binti alikuja akikimbia na mkono tumboni kwenye mshono. Alimwangalia mtoto, akasikia habari, akaja akasimama miguuni mwa kitanda cha mama yake. Aligeuka akaenda zake, na Mama Sweta alitamani angetukanwa.

Aliyekuja kuketi naye ni mkwe. Alivuta kigoda, akainamisha kichwa kama kawaida yake, na hakukuwa na mtu wa kupitisha maneno.

"Nilitaka kukuulia mtoto," Mama Sweta alisema.

"Hajafa, mama. Daktari anasema ananyonya vizuri. Watamwangalia tu." Akajikuna kiganja. "Lile tundu niliacha makusudi."

Kisha akamweleza yote, mara ya kwanza anaongea naye maneno yanayozidi salamu. Kwamba chumba ukikiziba chote kinakuwa kaburi, na ndiyo maana kazini, kabla ya kuziba ufa wowote, unaamua kwanza hewa itapita wapi. Kwamba mkaa una hewa yake mbaya, haina moshi wala harufu, na uliokolea unaitoa sawa na usiokolea. Mtu halii, hakohoi, anasinzia tu. Kwamba umeme ulipokatika mjini aliiacha kazi mezani na kukimbia nyumbani ili ambebe mtoto kifuani mpaka utakaporudi, na si kwa sababu alihisi kitu kingine.

"Mbona hukuniambia juu ya tundu?"

"Niliona haya." Kwa mara ya kwanza alimtazama. "Kila asubuhi nilikuwa natoa kile kidonge, nasema mama ataelewa. Nikikwambia, nitaonekana namfundisha mkubwa. Basi nikakaa kimya. Mtoto wangu mwenyewe, mama, nimemchezea kwa sababu ya haya."

Mama Sweta alilia pale, wazi, bila kufunika uso. Alimweleza naye ya kwake, kwamba mkaa haukuwa chaguo lake la kwanza, kwamba kifua alikuwa nacho na joto alikuwa nalo, akashindwa kukifungua kwa kuogopa mkwe asije akafungua mlango. Mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka, na Mama Sweta, ambaye hakuwahi kukisikia kicheko hicho, akajikuta amecheka pia huku machozi yanatiririka.

Waliwekwa hospitali mpaka siku ya kupimwa ikawakuta kule kule. Mama Sweta alikuwa ameshafunga mfuko wake. Alijua aendako, ni kwake. Hakuna nesi wala mzazi mwenye akili angemrudisha kwenye chumba kile, na hata yeye, angekuwa wao, asingejirudisha. Alikaa nyuma ya pazia la wodi, akatega sikio.

Alisikia mtoto anavuliwa nguo na mizani inagonga. Halafu nesi mkuu akasema mtoto ameongezeka. Si sana, lakini ameongezeka, na kwa baridi hii hakutegemea. Alisikia binti yake akivuta pumzi ndefu.

Lakini nesi hakuwa amemaliza. Uzito ni kitu kimoja, alisema, na jiko ni kingine. Yeye hawezi kumrudisha mtoto njiti kwenye nyumba iliyomtia hewa ya mkaa. Binti hajapona sawasawa, baba anashinda kazini. Mchana mtoto anabaki na nani?

"Na mama mkwe wangu," alijibu Fundi Barafu.

"Yule yule wa jiko?"

Mama Sweta alifumba macho.

"Yule yule," alisema mkwe. "Kuingiza jiko lilikuwa kosa lake. Kunyamaza lilikuwa kosa langu, na langu lilitangulia. Mwanangu akipoa kidogo tu, yeye huwa amejua kabla ya kipimajoto. Nimemwona. Sasa amejua na lingine ambalo hakulijua, na halisahau mpaka anakufa. Hapa mjini kote sina mtu wa kumwamini zaidi."

"Na umeme ukikatika tena?"

Mama Sweta alisukuma pazia kwa mkono. Kilemba chake kilikuwa kimekaa upande, macho yamevimba.

"Nitambeba kifuani," alisema. "Hata baba yake akiwa ndani ya nyumba."

Nesi aliwatazama wote watatu juu ya miwani. Alisema atapita nyumbani mwenyewe kulikagua tundu lile, na siku atakayolikuta limezibwa ataondoka na mtoto mkononi. Kisha akampa binti nguo za Punje amvalishe. Binti alianza kuzipanga kitandani, akasita, akamkabidhi mama yake ile kofia.

Jiko halikupita tena mlango wa ndani. Mkwe alifunga pazia zito upande wa ndani wa mlango wa chumba kile, likizunguka kiti, mtu aliyeketi asionekane hata mlango ukifunguliwa, na akaweka sharti juu yake mwenyewe kwamba hatapita hapo bila kukohoa kwanza. Mama Sweta aliketi nyuma ya pazia hilo kutwa nzima, umeme uwepo usiwepo, gauni wazi, Punje amelala kifuani pake. Alimsimulia habari za watu wote anaowajua, na mtoto aliyesikia kompresa kwa baba yake alisikia umbea kwa bibi yake. Binti alisema sasa mtoto atakuwa na elimu ya pande zote.

Baridi ilikuwa bado imekaza siku mkwe aliporudi mapema kutoka kwenye chumba cha chanjo alikoshinda akibadilisha feni. Alikohoa. Mama Sweta akajisitiri vizuri kwa shuka, akamwambia apite. Alipita, akasimama, akamtazama mwanawe, akakunja uso.

"Shikamoo, mama. Shuka limempanda puani."

Alilisema waziwazi, akimtazama, bila kumtuma mtu. Mama Sweta alishusha shuka, akaona pua ya Punje iko huru, akafurahi kukosolewa kiasi cha kusahau salamu. Watoto wake aliowazaa humkosoa hivyo, na hakuna mgeni amewahi kuthubutu.

"Marahaba," alisema mwishowe.

Mkwe alinyoosha mikono ampokee mtoto. Mama Sweta aliitazama ile mikono, imekunjamana na kuwa ya kijivu kwa baridi ya mchana kutwa, akamvuta Punje nyuma.

"Na hiyo mikono ya barafu unampelekea nani? Kaipashe kwanza."

"Sawa, mama," alisema Fundi Barafu. Akaisukuma mikono yake kwapani, akasimama pale pale mbele ya mama mkwe, akingoja aambiwe imepata moto.